Nani Ameshinda Mdahalo?

Usiku wa tarehe 11 Februari 2013, watu wanane waliokuwa wakiomba urais wa Kenya walisimama mstari mmoja katika shule ya Brookhouse, jijini Nairobi, wakaulizwa maswali mbele ya kamera za televisheni. Lilikuwa jambo geni katika nchi ile. Vituo vya televisheni na vya redio viliacha mashindano yao kwa usiku ule, vikatangaza jambo moja kwa wakati mmoja, na hata sisi majirani wa upande wa kusini tuliweza kulifuata. Wagombea hawajatoka ukumbini, tayari swali moja lilikuwa limeenea popote penye watu wawili: Nani ameshinda?

Wasomaji wapenzi, swali hilo twataka kulitazama leo. Kwa sura ni swali dogo, la kuongezea ladha ya mazungumzo. Lakini Wakenya watapiga kura tena mwaka 2027, na yaelekea midahalo itaandaliwa. Nasi tulioko Masakta, Katesh au Mbulu, mbali kabisa na kumbi hizo, tutaliuliza vile vile, kwani simu ya mkononi imekwisha kuileta Nairobi hadi jikoni kwetu. Twaona kwamba ndani ya swali hilo limo kosa, na kwamba kosa lenyewe lagusa haki.

Kwanza tukumbuke yaliyotokea. Waliompenda Bw. Raila Odinga walimwona ameshinda, waliompenda Bw. Uhuru Kenyatta waliona vivyo hivyo kwa mtu wao. Wengi wa mijini waliosema hawana upande walimsifu Bw. Peter Kenneth kwa utulivu wake na mpango mzuri wa maneno yake. Bibi Martha Karua, mwanamke pekee katika safu ile, alisifiwa kwa uthabiti. Na Mwalimu Mohamed Abduba Dida, ambaye wengi hawakuwa wamepata kulisikia jina lake, alipendwa mara moja kwa sababu aliwachekesha watu. Siku 21 baadaye, tarehe 4 Machi, kura zikapigwa. Bw. Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, Bw. Odinga akapata asilimia 43.31. Bw. Kenneth aliyesifiwa sana alipata kura 72,786 katika nchi nzima, yaani hata moja katika kila mia haikutimia. Mwalimu Dida alipata 52,848, na Bibi Karua 43,881. Kicheko, kama aonavyo msomaji, kiliupita uthabiti kwa kura karibu elfu tisa.

Kwetu Tanzania tulikwisha kuyaona mambo ya namna hiyo mapema zaidi. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudishwe, wagombea wanne, Bw. Benjamin Mkapa, Bw. Augustine Mrema, Profesa Ibrahim Lipumba na Bw. John Cheyo, walijibu maswali mbele ya kamera. Na televisheni yenyewe ilikuwa ngeni Tanzania Bara, haijatimiza hata miaka miwili. Wapo hadi leo wasemao kwamba usiku ule Profesa Lipumba aliwapita wenzake wote kwa kujua na kwa kueleza. Katika masanduku ya kura alipata asilimia 6.4.

Kutokana na hesabu hizo watu hutoa moja ya hukumu mbili. Wa kwanza husema: midahalo haina maana, ni mchezo wa waliosoma, watu wamekwisha kuamua. Wa pili husema: wapiga kura ni wajinga, wameonyeshwa mtu bora wakamwacha. Hukumu zote mbili twazikataa. Yule wa kwanza adhani kazi ya mdahalo ni kuhamisha kura tu, na usipohamisha basi umeshindwa. Wa pili adhani kwamba kujibu vizuri kwa saa mbili na kutawala vizuri kwa miaka mitano ni kitu kimoja. Mkulima wa alizeti aliyemsifu Bw. Kenneth kwa maneno yake, kisha akampa kura mtu mwingine, huenda hakuwa mjinga hata kidogo. Huenda alijiuliza: huyu ana watu gani nyuma yake, ataunda serikali na nani, alipokuwa na madaraka madogo aliyatumiaje? Hayo ni maswali halali, na kamera haiyajibu.

Basi kosa liko wapi? Liko katika neno lenyewe, ameshinda. Mtu asemapo kwamba fulani ameshinda, anatoa ushahidi. Anawaambia wenzake: mimi nimesikia pande zote, nimepima, na hii ndiyo hukumu yangu. Sasa tujiulize ni wangapi wetu tunaoutoa ushahidi huo kwa haki. Mtu aendaye uwanjani amevaa jezi ya Simba hatumwombi awe mwamuzi wa mchezo wa Simba na Yanga. Yeye mwenyewe angecheka tukimwomba. Lakini katika siasa mtu yule yule, ameingia na mshindi wake mfukoni tangu nyumbani, husikiliza kwa saa mbili akingoja tu mtu wake aseme neno kali, kisha huinuka na kutoa hukumu kwa sauti ya hakimu. Aliyoyasema mpinzani hakuyasikia. Alisikia sauti tu, akawa anahesabu makosa ya ulimi.

Mfano mmoja watosha. Katika mdahalo ule wa Februari 2013 liliulizwa swali zito kuliko yote: Bw. Kenyatta alikuwa ameshitakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, pamoja na mgombea mwenza wake, Bw. William Ruto, kwa ajili ya mauaji yaliyofuata uchaguzi wa 2007. Je, mtu aliye katika hali hiyo aweza kuongoza nchi? Bw. Odinga alisema kwamba itakuwa vigumu kuendesha serikali kutoka The Hague kwa njia ya Skype. Bw. Kenyatta akajibu kwamba hilo ni tatizo lake binafsi na ataweza kulikabili huku akitawala. Watu walicheka, wakapiga makofi, na mazungumzo ya kesho yake yakawa ni nani amemchoma mwenzake. Swali lenyewe lilibaki limesimama pale pale. Lilihusu watu zaidi ya 1,100 waliokuwa wamekufa na mamia ya maelfu waliokuwa wamefukuzwa makwao. Ndugu zao walikuwa wanatazama televisheni ile ile, nasi tulikuwa tunatoa alama kana kwamba ni ngumi. Mashitaka dhidi ya Bw. Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014 kwa upungufu wa ushahidi. Hata hivyo usiku ule hakuna aliyelijua hilo, na wajibu wa kulipima swali kwa uzito wake ulikuwa wetu sote.

Huko nje hali ni hiyo hiyo, tena kwa muda mrefu. Wasomaji wetu wazee hawajasahau jina la Kennedy, Mkatoliki wa kwanza kuchaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Tarehe 26 Septemba 1960, mjini Chicago, alikabiliana na Bw. Richard Nixon mbele ya watazamaji wapatao milioni 70. Tangu hapo ulimwengu mzima umesimuliwa hadithi moja: kwamba waliosikiliza redioni walidhani Nixon ameshinda, na waliotazama televisheni wakampa Kennedy, kwa kuwa Nixon alikuwa ametoka kuugua, uso umesawijika na jasho linamtoka. Hadithi hiyo hufundishwa hata vyuoni. Lakini mwaka 1987 wataalamu wawili wa Marekani waliufuatilia msingi wake, wakaona kwamba unategemea uchunguzi mdogo wa kampuni moja, usiotosha kubeba mzigo mkubwa namna ile. Yaani hata hadithi ya kutuonya kwamba macho hudanganya, sisi tuliipokea bila kuipima, kwa sababu ilikuwa tamu. Kennedy alishinda uchaguzi kwa tofauti ya kura zisizofika 120,000 kati ya milioni 68, na hakuna awezaye kuapa kwamba ni kwa ajili ya usiku ule.

Mwaka huo huo wa 1960, mwezi wa Agosti, Tanganyika nayo ilichagua wabunge. TANU ilipata viti 70 kati ya 71, vingi bila kupingwa. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu yetu, wakati huo Hanang ikiwa bado ndani yake: watu walimchagua Bw. Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Hatudai kwamba wazee wetu walikuwa na hekima kuliko taifa zima. Twasema tu kwamba walikuwa na mtu waliyemjua, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia asubuhi walichokiona jana usiku.

Hilo la kuambiwa ndilo linalotutia wasiwasi kuliko yote. Oktoba 1976 Rais Gerald Ford wa Marekani, katika mdahalo na Bw. Jimmy Carter, alisema kwamba nchi za Ulaya ya Mashariki haziko chini ya utawala wa Warusi. Lilikuwa kosa la wazi. Lakini waliohojiwa usiku ule ule, mara mdahalo ulipokwisha, wengi walisema Ford amefanya vizuri zaidi. Kosa lile hawakulitilia maanani. Kesho yake, baada ya magazeti na televisheni kulirudia saa kwa saa, watu waliohojiwa walisema kwa wingi mkubwa kwamba Carter ndiye aliyeshinda. Mdahalo haukuwa umebadilika hata neno. Kilichobadilika ni kwamba watu walikuwa wamepewa jibu. Mtu aweza kusema kwamba afadhali walisahihishwa, maana kosa lilikuwa kosa. Nasi twakubali kwa sehemu. Lakini yafaa kuona jinsi ilivyo rahisi kwa mtu kusema, mimi nimeona, kumbe ameonyeshwa.

Mwaka 1976 kazi hiyo ilihitaji usiku mmoja na mchana wake. Siku hizi haihitaji hata saa. Familia nyingi za kwetu hazitazami mdahalo mzima: umeme hauko kila nyumba, na kifurushi cha simu ni ghali. Kinachotufikia ni vipande vya nusu dakika, vimekatwa na mtu tusiyemjua, vikapewa kichwa cha maneno kinachotangaza nani amemfunga nani mdomo. Kijana wa Masakta akikitazama kipande hicho, kisha akasema kijiweni kwamba fulani ameshinda mdahalo, ametoa ushahidi juu ya jambo ambalo sehemu kubwa yake hakuisikia. Katika kesi ya ng'ombe asingethubutu. Mzee wa kwanza kumhoji angemuuliza: Wewe ulikuwapo?

Tena liko jambo la lugha, nalo kwetu ni zito. Mdahalo wa Nairobi uliendeshwa kwa Kiingereza. Mamilioni waliokuwa wakitazama walikijua kidogo, au hawakukijua. Hao walihukumu kwa nini? Kwa uso, kwa suti, kwa wepesi wa ulimi, kwa jinsi mtu alivyosimama bila kutetemeka. Nasi hatuko mbali na hali hiyo. Mtoto wa Hanang huanza na Kiiraqw au Kidatooga mapajani mwa mama yake, Kiswahili hukikuta shuleni, Kiingereza hukikuta akiwa mkubwa. Na tangu siku hiyo hujifunza somo ambalo halimo katika kitabu, yaani kwamba mwenye kusema Kiingereza bila kusita ndiye mwenye akili. Huingia nalo katika utu uzima. Basi atazamapo wagombea, aliyesita amekwisha kuanguka machoni pake, hata kama alisita kwa kuwa alikuwa akitafuta neno la kweli. Twamjua kila mmoja wetu mtu wa kijijini kwake asiyeweza kusimama mbele ya mkutano na kusema maneno kumi yaliyonyooka, ambaye lakini ndiye hukabidhiwa fedha za mazishi. Na twamjua yule mwingine, fundi wa kusema, ambaye hakabidhiwi hata ufunguo wa ghala. Katika mambo ya kijiji tunajua sana kutofautisha. Kwa nini tukiketi mbele ya televisheni tunasahau?

Hatusemi kwamba kusema si kitu. Rais ni mtu wa kusema. Lazima aweze kuwaeleza watu wake kwa nini wanalipa kodi na kwa nini daraja halijajengwa. Anayeshindwa kueleza mpango wake mbele ya wapinzani watano huenda hana mpango. Kwa hiyo wito wetu si kuifuta midahalo. Kinyume chake, wanaotupa taabu zaidi ni wale wasiofika.

Mwaka 2015 mdahalo uliandaliwa hapa kwetu. Wagombea wa vyama viwili vikubwa, Dkt. John Magufuli na Bw. Edward Lowassa, hawakufika, wakabaki wa vyama vidogo wakizungumza wao kwa wao. Uganda, Januari 2016, Rais Museveni hakwenda katika mdahalo wa kwanza, akaenda wa pili mwezi uliofuata. Kenya, Julai 2017, Bw. Kenyatta hakutokea katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, jijini Nairobi. Marehemu Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, alisimama peke yake usiku ule akajibu maswali karibu na meza isiyo na mtu. Miaka mitano baadaye, Julai 2022, katika chuo hicho hicho, zamu iligeuka: Bw. Odinga hakwenda, na Bw. Ruto akasimama peke yake. Kila upande ulikuwa na maelezo yake, na mengine huenda yalikuwa na uzito. Lakini tazama jinsi wafuasi walivyogeuka. Wale waliosema mwaka 2017 kwamba asiyefika anawadharau wananchi, wengi wao mwaka 2022 waliona kutofika ni busara. Na walioona busara mwaka 2017 wakaona dharau. Kwa watu wa namna hiyo swali la nani ameshinda lina jibu hata kama hakuna aliyesema neno.

Mgombea akataapo kufika, hawakosi wa kumsifu kwamba anajua hesabu zake: anaongoza, ya nini kujihatarisha? Hesabu hiyo sisi ndio tuliompa. Tulipoufanya mdahalo kuwa pigano, tukahesabu nani ameangushwa, tuliwapa wakubwa sababu nzuri ya kukaa nyumbani. Mtu aombaye kazi hukataa kwenda kupigana. Lakini akiitwa kwenye usaili na mwajiri wake akakataa, tungemshangaa. Na mdahalo kwa asili yake ni usaili. Mwajiri ni yule mama wa Gendabi ambaye Desemba 2023 aliona matope ya mlima Hanang yakishuka na kuchukua nyumba na watu. Yeye hana haja ya kujua nani amemchoma nani. Anayo maswali yake: tahadhari itatolewaje mara nyingine, na nani atawajibika?

Tukitafuta namna nyingine ya kubishana hatuhitaji kwenda mbali. Wadatooga wanalo baraza la wanawake, girgwageda gademga, lenye uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke. Swali lililo mbele ya akina mama hao ni kama kosa limetendeka, na linalipwaje. Wairaqw nao wana slufay yao, ambayo mzee huinena na waliokusanyika huipokea kwa sauti moja, hata neno la mmoja likawa la wote. Msomaji asidhani tunataka kusema kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Sauti moja yaweza kuwa ya mapatano, yaweza pia kuwa ya woga; na katika mabaraza mengi ya jadi kijana hakupewa nafasi ya kusema kabisa. Penye mdahalo angalau wapinzani husikika. Tunachokiona chema katika mabaraza hayo ni kwamba watu hutoka wakizungumza habari ya shauri lenyewe.

Hata siasa yetu ya baada ya uhuru ilipata kuwa na mfano. Katika uchaguzi wa 1965 wagombea ubunge wawili kwa kila jimbo, mmoja na alama ya jembe na mwingine na alama ya nyumba, walipelekwa pamoja katika mikutano ile ile, jukwaa moja. Walitakiwa kusema Kiswahili tu, na kuwavuta watu kwa kabila, rangi au dini kulikatazwa. Wote wawili walikuwa wa chama kimoja, na chama ndicho kilichowateua. Hilo hatulisifu, wala hatutamani lirudi. Lakini mwananchi aliwaona wawili hao kwa macho yake, akawauliza swali moja, akalinganisha majibu mawili kabla vumbi la Landrover yao halijatua. Hata mawaziri walianguka mwaka ule.

Na katika vyuo vya Ulaya vya karne ya 13, alikofundisha Mtakatifu Thomasi wa Akwino, kulikuwa na mabishano rasmi mbele ya wanafunzi. Hoja zililetwa, zikajibiwa, siku ikaisha; na mwalimu hakutoa uamuzi wake pale pale. Aliutoa siku nyingine, baada ya kuzipanga hoja zote, na za wapinzani zikitajwa kwanza. Katika seminari desturi hiyo iliendelea kwa karne nyingi: kabla hujamjibu mwenzako, yakupasa uirudie hoja yake kwa namna ambayo yeye mwenyewe ataikubali. Ni kanuni ngumu kuliko inavyosikika. Wazazi wanaweza kuijaribu nyumbani. Mdahalo ukiisha, kabla mtu hajaruhusiwa kutaja mshindi, kila mmoja aeleze jambo moja alilosema mgombea asiyempenda, na alieleze vizuri. Twadhani katika nyumba nyingi kutakuwa na kimya kirefu, nasi wahariri tungenyamaza pamoja nao.

Turudi Nairobi tukamalize. Kati ya wale wanane wa mwaka 2013 alikuwamo Bw. Paul Muite, mwanasheria, ambaye mwanzoni hakuwa ameitwa. Alikwenda mahakamani kudai nafasi yake, na dakika za mwisho akapewa. Katika uchaguzi alipata kura 12,580, pungufu kuliko wote. Bw. Kenyatta naye alikuwa ametangaza kwamba mdahalo wa pili, wa tarehe 25 Februari, hatakwenda. Kisha akabadili nia, akaenda, akaulizwa habari za ardhi ya ukoo wake mbele ya taifa zima, naye akajibu. Ni miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu majirani wachomeane nyumba kwa ajili ya kura. Sasa mtoto wa rais wa kwanza na mwanasheria aliyeshika mkia walisimama kwa urefu mmoja, wakapewa maji ya kunywa yale yale, wakakatizwa na waongozaji wale wale saa ilipowaishia. Kesho yake hatukumsikia mtu aliyelizungumza hilo. Watu walikuwa bado wanabishana nani ameshinda.